Chombo Kimepasuka: Namna ya Kujua Kosa Lilitokea Hatua Gani

Chombo kikitoka tanurini na ufa, usikitupe. Kipeleke penye mwanga mzuri, chukua lenzi ya kukuzia kama unayo, na ujiulize kwanza: ufa huu ulianza lini? Wafinyanzi wengi wakiona ufa hubadilisha udongo, hupunguza kasi ya tanuri na kuchezea glezi, yote kwa mkupuo mmoja. Chombo kinachofuata kikitoka kizima, hawajui kilichokiponya. Kikitoka kibovu tena, hawajui pa kushika. Karibu kila kasoro huacha alama ya hatua iliyoizaa, na alama hiyo ndiyo ya kufuata.

Humu, glezi ni ule utando wa kioo unaoyeyushwa juu ya udongo. Uchomaji wa kwanza ni ule wa kukausha na kukomaza udongo kabla ya glezi, kwa kawaida kati ya nyuzi 950 na 1060. Uchomaji wa pili ni wa kuyeyusha glezi yenyewe. Udongo wa joto la juu ni ule unaokomaa kuanzia takribani nyuzi 1200. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

Anza na kingo za ufa

Tazama glezi pale inapokutana na ufa. Ikiwa kingo zake ni laini na za mviringo, kana kwamba glezi ilirudi nyuma kidogo na kujikunja, basi ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka. Kosa litafute kwenye ukaushaji, kwenye uchomaji wa kwanza, au mwanzoni mwa uchomaji wa pili. Ikiwa kingo ni kali za kukata kidole na pande mbili zinaoana barabara, glezi ilikuwa imekwisha kuganda. Hapo chombo kilipasuka wakati wa kupoa, au hata baada ya kutoka.

Umbo la ufa nalo linasema. Ufa wa kukauka ni mpana upande mmoja na unakwenda ukififia. Ulianzia pale palipo pana. Ufa wa kupoa ni mwembamba kama unywele, hupita kwa mstari mrefu au kwa mkunjo mpole, na hukatiza ubavu na kitako bila kujali maungio.

Kwa chombo kilichopita uchomaji wa kwanza tu, kining'inize kwenye kidole na ukigonge. Kizima hulia; chenye ufa hutoa mlio wa kufa. Kisha pitisha brashi yenye maji juu yake. Udongo mzima hukauka sawasawa, lakini ufa hubaki na mstari wa unyevu uliokoza rangi. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na ni afadhali kulifanya kabla hujapoteza glezi kwa chombo kisichofaa.

Ufa wa herufi S kwenye kitako

Huu ni wa vyombo vilivyofinyangwa kwenye gurudumu. Unapopandisha ubavu, vidole vinaubana udongo wa pembeni na kuushikamanisha. Udongo wa katikati ya kitako haubanwi. Aidha, maji hujikusanya hapohapo. Wakati wa kukauka, sehemu hiyo legevu na yenye maji mengi husinyaa zaidi ya pembe zake na kuchanika. Umbo la S linatokana na mzunguko wa udongo kwenye gurudumu.

Dawa yake ni kubana. Baada ya kufungua donge, pitisha vidole au ubao mdogo wa kulainishia kutoka ukingoni hadi katikati na kurudi, mara nne au tano, kwa mkandamizo wa kweli. Kausha maji ya ndani kwa sifongo kabla hujakata chombo. Kitako kisizidi sana unene wa ubavu; kwa bakuli la kawaida milimita 6 hadi 8 zinatosha. Mdomo ukishaweza kujishikilia, kigeuze chombo kifudifudi ili kitako kipate hewa.

Ufa wa S unaweza kujificha hadi uchomaji wa pili, kwa kuwa udongo wa joto la juu husinyaa tena humo na kuufungua. Ndiyo maana watu hulilaumu tanuri. Ukiwa na umbo la S, tanuri halina kosa.

Ufa wa mdomo, wa sahani na wa mkono wa kikombe

Mdomo hukauka kabla ya kitako kwa sababu ni mwembamba na una hewa pande zote. Ukishakauka umekwisha kusinyaa, na kitako kinapoanza kusinyaa kinauvuta. Funika mdomo kwa ukanda wa plastiki na uache sehemu za chini wazi.

Sahani ni kesi ngumu zaidi. Chukua sahani ya sentimita 30 ya udongo unaosinyaa asilimia 6 kwa kukauka: itapoteza milimita 18 kabla ya kuona moto. Maana yake ukingo lazima usafiri milimita 9 kuelekea katikati, kila upande. Ukiiweka juu ya ubao unaonata, inasafiri kwa kuchanika. Iweke juu ya gazeti kavu au mchanga mwembamba ili iteleze, na uifunike juu kwa plastiki nyepesi siku mbili za kwanza.

Ufa kwenye maungio ya mkono wa kikombe karibu kila mara ni tofauti ya unyevu. Mkono mbichi ukiungwa kwenye kikombe kilichokwisha kukakamaa, mkono una safari ndefu zaidi ya kusinyaa. Unga vyote viwili vikiwa katika hali moja, ile ya udongo uliokakamaa kama ngozi: hauachi alama ya kidole kirahisi, lakini kisu kinapita bila kumega. Chanja pande zote mbili, paka uji mzito wa udongo uleule, bana hadi uji utoke pembeni, kisha funga kikombe chote ndani ya plastiki kwa siku nzima ili unyevu usambae na kulingana.

Kuziba ufa wa mkono uliokwisha kukauka kwa kupaka uji wa udongo ni kujidanganya. Maji huvimbisha pale ulipopaka tu, na pakikauka panachanika tena. Uji uliochanganywa na karatasi laini iliyolowekwa na siki kidogo unaweza kuokoa sanamu ya mapambo. Kikombe kitakachobeba kinywaji cha moto, kivunje na ukirudishe kwenye pipa la udongo.

Kimelipuka tanurini

Ukifungua uchomaji wa kwanza na kukuta vipande na unga rafuni, wengi watakuambia kulikuwa na kiputo cha hewa. Kiputo peke yake hakilipui chombo. Hewa inapopata joto hutanuka mara chache tu, na udongo ambao haujakomaa una vinyweleo vya kuitoa. Kinacholipua ni maji. Mililita 1 ya maji ikigeuka mvuke hujaza takribani lita 1.7, na mvuke huo ukizaliwa haraka kuliko unavyoweza kupenya, ukuta unaruka. Kiputo huonekana kuwa na hatia kwa sababu mara nyingi kiko mahali penye unene, na penye unene ndipo unyevu unapobaki.

Angalia vipande. Kama kimemegeka gamba moja upande mmoja, kulikuwa na sehemu moja nene au iliyochelewa kukauka. Kama kimesagika chote, kiliingia kibichi.

Kabla ya kupakia, weka chombo shavuni. Kikiwa baridi, maji bado yanatoka. Kwa kitu kikubwa mizani ni bora: pima kila siku, na uzito ukiacha kushuka ujue hewa ya chumba imetoa ilichoweza. Hata hapo kuna unyevu uliobaki. Shikilia tanuri kati ya nyuzi 80 na 90, chini ya kiwango cha kuchemka, huku mfuniko umeachia mwanya na tundu la juu liko wazi. Saa 2 zinatosha vikombe. Ukuta wa sentimita 2 au zaidi uachie usiku kucha. Weka kioo kidogo baridi mbele ya tundu: kikipata ukungu, subiri. Kisha panda kwa nyuzi 50 hivi kwa saa hadi kupita 200. Kati ya nyuzi 450 na 600 udongo hutoa maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, kwa hiyo usikimbize hapo pia.

Sanamu

Sanamu hupasuka kwa sababu zilezile, ila zimekuzwa. Kichwa cha ukubwa wa mtu kikiwa donge zima kinaweza kuonekana kikavu kwa nje na kuwa na maji katikati kwa wiki nyingi. Kifanye kiwe na uwazi ndani kikiwa kimekakamaa kama ngozi: kata utosi kwa waya, komba ndani hadi ukuta ubaki sentimita 1.5 hadi 2.5, chanja, paka uji wa udongo na urudishe utosi. Zaidi ya unene wenyewe, tazama ulinganifu wake. Pua ya sentimita 5 juu ya shavu la sentimita 1 ni ufa unaosubiri siku yake; ingiza kidole kwa ndani uikombe nayo. Kila uwazi uliofungwa upate tundu la kutolea mvuke, hata la sindano nene, mahali pasipoonekana.

Kama ulijenga juu ya fremu ya chuma, lazima itoke kabla udongo haujakauka. Udongo unasinyaa, chuma hakisinyai, na kinachoachia ni udongo. Gazeti lililokunjwa linaweza kubaki ndani: linabonyea udongo unaposinyaa na huungua tanurini, ilimradi moshi una pa kutokea na chumba kina hewa.

Udongo laini wa gurudumu haufai sanamu kubwa. Changanya vigae vilivyochomwa na kupondwa, asilimia 20 hadi 30. Chembe hizo hazisinyai tena, hufungua njia za maji na huzuia ufa mdogo usiendelee.

Ufa unaoanzia chini ya sanamu na kupanda juu una sababu yake: uzito umekibana kitako kwenye rafu, nacho kinataka kusinyaa. Laza chini yake kibamba cha udongo uleule, kibichi pamoja na sanamu, ili kisinyae nayo, na chini ya kibamba nyunyiza mchanga.

Ufa wa kupoa

Hapa kingo ni kali. Ndani ya udongo kuna kwatsi, yaani chembe ngumu za madini ya silika, na kwatsi hubadili umbo lake la ndani kwa ghafla kwenye nyuzi 573: hutanuka joto likipanda, hunywea likishuka. Chombo kikipita hapo chote kwa pamoja, hakuna neno. Taabu ni pale ukingo umeshashuka hadi 540 huku kitako kilichokaa juu ya rafu nene ya moto bado kiko 600. Upande mmoja umenywea na mwingine bado. Sahani pana na vigae vikubwa ndivyo huumia zaidi. Shuka kwa nyuzi 50 hivi kwa saa kati ya 650 na 500, na uinue sahani juu ya vipande vitatu vidogo vya rafu ili hewa ipite chini.

Kuna mlango wa pili, karibu na nyuzi 226. Udongo wenye silika nyingi uliochomwa juu sana au kushikiliwa kileleni kwa muda mrefu hutengeneza kristobaliti, umbo jingine la silika, ambayo hunywea kwa nguvu kuliko kwatsi. Ukifungua tanuri kwa nyuzi 250 kwa hamu ya kuona kazi, unaipitisha hatua hiyo kwenye upepo baridi. Subiri ifike chini ya 100. Chombo ambacho kimetoka kizima kisha kikapasuka katika oveni ya jikoni huenda kina tatizo hilihili.

Ukiona ufa mkali kwenye chombo chembamba chenye glezi nene ndani na hakuna nje, usihangaike na kasi ya kupoa. Glezi inayonywea kidogo kuliko udongo inausukuma ukuta kwa ndani. Paka pande zote mbili, au punguza unene wa ndani.

Kioo: sheria ni ileile, saa ni tofauti

Kwa kioo kinachoyeyushwa tanurini, kingo za ufa husomwa vilevile. Kipande kilichovunjika kikapata kingo za mviringo kilipasuka joto likipanda, kisha kikayeyuka kidogo: punguza kasi ya mwanzo. Kingo kali ni za kupoa.

Kioo kinapoganda, nje hutangulia ndani, na mvutano unafungiwa humo. Huondolewa kwa kukituliza: kukishikilia kwenye joto ambalo bado kinalegea kidogo kabisa, kisha kukishusha polepole. Kioo cha dirisha hutulia karibu na nyuzi 540 hadi 550. Vioo vya kuyeyushia sanaa vingi viko chini ya hapo, baina ya 480 na 520, kwa hiyo fuata karatasi ya aliyekitengeneza. Kwa unene wa milimita 6, saa 1 ya kushikilia na kushuka nyuzi 80 kwa saa hadi 370 ni mwanzo mzuri. Unene wa milimita 12 unataka saa 2, na kasi ya 55. Muda wa jumla hukua haraka kuliko unene, na hapo ndipo vipande vinene vinapowavunjikia watu, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kutoka.

Ufa unaofuata mpaka wa rangi mbili badala ya kukatiza humaanisha vioo viwili visivyopatana kwa kutanuka. Hakuna kasi ya tanuri itakayowapatanisha. Yeyusha kipande kidogo cha kila rangi juu ya kioo cha msingi kisicho na rangi, kitulize, kisha kiweke kati ya lenzi mbili za poleraidi (zinazochuja mwanga, kama za baadhi ya miwani ya jua) zilizopishanishwa hadi mwanga ufe. Ukiona ung'avu mweupe kuzunguka kipande, kuna mvutano.

Ukungu mweupe unaokwaruza juu ya kioo ni fuwele zilizoota, hasa kikikawia kati ya nyuzi 700 na 760. Alama ya kidole inatosha kuzianzisha: osha, futa, shika kwa kingo. Vishimo na mapovu makubwa ya kati ya tabaka ni hewa iliyozibwa; shikilia dakika 30 hadi 60 karibu na 660 ili kioo kilale na kuisukuma nje kabla kingo hazijaungana.

Vibonyeo vyenye nukta nyeupe

Chombo kizuri, siku kumi baadaye kinarusha vigamba na kuacha kishimo chenye nukta nyeupe chini yake. Ni chokaa, au kipande cha plasta kilichomeguka kwenye kalibu. Moto umekigeuza chokaa hai, kinakunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Chuja udongo, na usiukande kwenye plasta iliyochakaa.

Glezi

Nyufa kama wavu ndani ya glezi, huku udongo uko mzima, maana yake glezi inanywea kuliko udongo. Ongeza silika, sehemu 3 hadi 5 kwa kila 100, jaribu, rudia. Au punguza feldispa, madini yanayosaidia glezi kuyeyuka, kwa kuwa sodiamu na potasiamu ndizo zinazoitanua. Wavu unaweza kuchelewa miezi, udongo usiokomaa unapokunywa unyevu na kuvimba. Ili usingoje, chemsha chombo, kitumbukize kwenye maji ya barafu, rudia mara kadhaa, kisha paka wino na ufute. Kinyume chake, glezi inayobanduka kwa vigamba vikali kwenye mdomo na kingo ina silika kupita kiasi. Hiyo isiwekwe mezani hata kidogo: vigamba ni kioo, na vitaangukia kwenye chakula.

Glezi iliyojikusanya na kuacha udongo uchi ina vyanzo viwili vikuu. Kama kabla ya kuchoma tayari ilikuwa imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, ni nene mno au ina kaolini (udongo mweupe safi) mbichi nyingi. Choma nusu ya kaolini hiyo kwanza. Kama ilikuwa nzima, tafuta vumbi na mafuta ya mikono. Pangusa chombo kwa sifongo yenye unyevu. Kupiga msasa kukiwa kikavu huacha unga juu ya chombo, tena ni vumbi la silika linaloumiza mapafu bila dawa ya kuyarudisha.

Vitundu vya sindano ni gesi ya udongo iliyopita wakati glezi inaganda. Fanya uchomaji wa kwanza polepole kati ya 700 na 900, tundu likiwa wazi, na upandishe kilele kwa nyuzi 40 hivi. Visipokoma, katika uchomaji wa pili fika kileleni, shuka nyuzi 50 au 60, shikilia dakika 30: mapovu yanapasuka na glezi bado ni nzito vya kutosha kujifunika. Vikigeuka malengelenge makubwa yenye kingo kali, umevuka kiwango, glezi imechemka.

Glezi iliyotiririka hadi rafuni, pima uzito wake kwanza. Mililita 100 za glezi ya kuchovya ziwe gramu 140 hadi 150, na kuchovya kuwe sekunde 2 au 3. Kama uzito ni sawa, usiamini namba ya kipimajoto peke yake, kwa sababu kinasoma hewa ya ncha yake tu, nacho huchoka kadiri kinavyotumika. Panga koni tatu, yaani vijiti vya kupimia vinavyolegea kila kimoja kwa joto lake: ya lengo, ya chini yake na ya juu yake, kwenye rafu ya juu na ya chini. Koni huinama kwa joto na muda kwa pamoja, kama glezi inavyofanya. Rafu ipake kaolini na alumina haidreti (unga mweupe usioyeyuka tanurini) kwa uzito sawa, zikorogwe kama maziwa mazito, na uache milimita 3 hadi 5 za kitako bila glezi. Tone lililokwisha kuganda kwenye kitako lisagwe kwa jiwe huku likilowa maji, macho yakiwa yamekingwa.